Prosesa Iliyotangulia

Ukitaka kubisha, bisha baada ya kusikia. Mwenyewe yuko hai, ni jirani yetu, mlango wa tatu kutoka kwa kinyozi, na kidole chake cha shahada kina kovu dogo ambalo huligusagusa anapoongea. Alilisimulia jambo hili mara moja tu, mchana kweupe, na hajarudia tena.

Mtaani alijulikana kwa jina la Kasi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta, lakini jina hilo hakulipata kwa kufanya kazi upesi; muulize mteja yeyote aliyewahi kuambiwa njoo kesho. Alilipata kwa sababu ya mchezo wake. Kila kompyuta ina moyo, kidude bapa cha ukubwa wa biskuti kinachoitwa prosesa, na kila prosesa hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa mwendo wake. Kasi alikuwa na ugonjwa wa kuchukua prosesa kuukuu, zile ambazo wenzake walishazitupa, na kuzikimbiza kupita mwendo huo. Huongeza kidogo, hupima joto, huongeza tena. Ikiganda, huirudisha nyuma. Ikivumilia, huisifia kama mtoto aliyefaulu mtihani. Faida yake nini? Hakuna. Kompyuta ya miaka kumi na tano inakimbia kama ya miaka kumi, na yeye anashinda siku nzima anatabasamu peke yake.

Chumba cha kazi walikuwa wamegawana yeye na mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akakaa mlangoni penye mwanga, na Kasi akakaa ndani kwenye meza ndefu iliyojaa skrubu na feni. Tangu binti yao azaliwe, miaka tisa nyuma, wale wawili walikuwa wakiitana Mama na Baba, hata walipogombana. Mama mzazi wa Kasi aliishi chumba cha uani, na yeye Kasi alimwita Bi Mkubwa tangu ujana, kwa utani uliogeuka mazoea. Aliyekuwa akimwita yule mzee "Mama" ni dada yake Kasi peke yake, muuguzi wa hospitali, mwanamke wa sauti nyembamba na maneno machache. Kila mtu alikuwa na jina lake la kuita, na hakuna aliyewahi kuchanganya.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, asubuhi, jua la kawaida. Ofisi moja iliyofunga shughuli zake ilikuwa imempa Kasi katoni la kompyuta mbovu. Akafungua ya kwanza. Skrubu zake zilikuwa na kutu, hazijaguswa miaka mingi. Juu ya prosesa, ile pesti nyeupe inayopakwa kupoozea joto ilikuwa imekauka kama chokaa. Akachukua kitambaa na spiriti, akaanza kufuta kwa kidole.

"Aaah."

"Nini tena, Baba?"

"Kimenichoma."

Damu ilitoka tone moja. Ndani ya pesti kulikuwa na kipande kidogo cha chuma kilichosimama, kimejichomeka kwenye bati la prosesa. Akakivuta kwa kibano. Mkewe akaacha kushona, akakipokea kiganjani, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hii ncha ya sindano ya cherehani," akasema. "Namba kumi na sita, ya kushonea jinzi."

"Sindano ya cherehani imefikaje ndani ya kompyuta?"

"Mimi nakwambia ni nini. Imefikaje, muulize aliyeiweka."

Ncha ilikuwa imeliwa na kutu, nyekundu kabisa. Mkewe alikuwa na tabia moja: sindano ikikatika hakuitupa ovyo, asije mtu akaikanyaga. Alikuwa na kiberiti kitupu cha kuhifadhia vipande. Akaitia humo ile ncha, akarudi kwenye kazi yake.

Kasi akaendelea kufuta. Chini ya pesti kulikuwa na maandishi yaliyochimbwa kwa kitu chenye ncha. Herufi nne kubwa: BASI. Baada yake, kijistari kimoja kilichosimama, na pembeni yake kitundu alipotoa ile ncha.

Akacheka. Wanaocheza mchezo ule wana desturi ya kuchora kwenye bati mahali prosesa ilipowashinda, ili atakayeikuta asijisumbue. Wengi huandika namba. Huyu alikuwa ameandika neno.

"Mwenzangu kaikimbiza, ikamshinda, kaandika basi, inatosha," akamwambia mkewe. "Hata namba hakuweka. Mwoga mkubwa."

"Na hicho kimstari?"

"Alichoka."

Mkewe alinyoosha shingo. Alikitazama kile kimstari muda kidogo, halafu akakanyaga cherehani.

Prosesa ilikuwa na mwendo wa mbili nukta nne. Mchana huo Kasi aliifikisha mbili nukta sita bila jasho, na akapima kila kitu, picha, hesabu, sauti. Alirekodi maneno yake mwenyewe, moja mbili tatu, akayacheza. Kwa kuwa ile kompyuta ilikuwa ikikimbia kuliko ilivyopangiwa, sauti nayo ilitoka mbio, nyembamba, ya kike.

Mkewe alicheka mpaka akaegemea cherehani. "Dada yako mtupu," akasema. "Ukiongea humo ndani unakuwa dada yako mtupu."

Kasi naye akacheka. Wakacheka wote. Anasema hicho ndicho kicheko cha mwisho anachokikumbuka vizuri.

Alipoipeleka mbili nukta nane, saa ya kompyuta ikawa dakika moja mbele. Hilo halikumshtua, mashine kuukuu hupoteza majira. Akasema tu, "Saa inatangulia," akairekebisha. Ikarudi palepale, dakika moja mbele. Akaiacha. Akarekodi tena, moja mbili tatu, akacheza.

Hesabu yake haikuwemo.

Kulisikika ko, ko, ko, kama mlango unagongwa, halafu sauti nyembamba ikasema, "Hodi, fundi, ile feni yangu imepona?"

Kasi akageuka kutazama mlango. Mlangoni alikuwepo mkewe tu, anakata uzi kwa meno.

"Nani kabisha hodi?"

"Hajaja mtu."

Akaketi. Akasikia hatua za mtu kwenye changarawe. Mlango ukagongwa mara tatu. Mwuza maziwa wa kona akachungulia, jitu la sauti nzito.

"Hodi, fundi, ile feni yangu imepona?"

Mtu mwingine angechomoa waya hapo hapo. Kasi alichofanya ni kuongeza mwendo. Ndivyo alivyo, na yeye mwenyewe anakubali. Anasema mikono ilimwasha. Kwenye mwendo wa tatu kamili, saa ya kompyuta ilitangulia kwa saa nzima. Akarekodi nusu dakika ya ukimya, akacheza, akamsikia mkewe ndani ya spika akilalamika kwamba uzi wa buluu umekwisha, na mtu akipiga chafya mara mbili. Saa nzima ilipopita, uzi wa buluu ukaisha. Mkewe akalalamika, kwa maneno yaleyale. Bi Mkubwa akapita mlangoni na kikapu chake, akapiga chafya mara mbili.

Mkewe alikuwa amesikia vyote viwili. Akaja mpaka kwenye meza, akainama, akanong'ona, wakati chumbani hamkuwa na mtu mwingine wa kumficha.

"Irudishe."

"Kidogo tu. Nione mwisho wake."

"Baba, kitu hicho kinatujua. Irudishe."

Akamwahidi. Mkewe akaenda kununua uzi.

Yeye akaongeza volti. Akaandika tatu nukta mbili. Feni ikalia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa feni yoyote, na harufu ya vumbi linaloungua ikapanda. Kompyuta iliwaka. Akatazama pembeni ya skrini. Tarehe ilikuwa imeruka siku kumi. Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Akabonyeza kurekodi. Nusu dakika. Akacheza.

Mlango ulikwaruza. Mtu aliuliza jambo kwa mbali, halikusikika. Halafu ile sauti nyembamba, karibu kabisa na kipaza sauti, ikasema maneno mawili.

"Mama ametangulia."

Kimya. Halafu simu ikaita. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Halafu kelele za vitu vidogo vingi vikimwagika sakafuni, vikirukaruka, vikizunguka, kimoja kimoja mpaka cha mwisho. Halafu mtu akavuta pumzi. Hakuitoa.

Faili likaishia hapo.

Kasi aliketi akitazama skrini. Neno hilo, mtu akisema saa imetangulia, unafikiria saa. Akisema mzee wa watu ametangulia, huulizi ametangulia wapi. Aliinuka, akaenda uani. Bi Mkubwa alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya chungwa, mzima wa afya, anamteta jirani peke yake.

"Mbona umesimama kama mgambo?" akamuuliza.

"Nakuangalia tu."

"Niangalie ukiwa umekaa. Unanizibia jua."

Mkewe aliporudi alikuta kompyuta imezimwa, waya umechomolewa, na mashine nzima imefunikwa shuka. Kasi alikuwa ameirudisha kwenye mwendo wa kiwandani kabla ya kuizima. Alianza kumweleza kabla hajaweka uzi chini.

"Nimemsikia Dada. Jumamosi ijayo ile. Anasema Mama ametangulia."

"Bi Mkubwa?"

"Dada anamwita nani mwingine Mama?"

Mkewe akakaa kwenye cherehani. Akafungua ganda la uzi mpya, akalifunga tena.

"Una hakika ni Dada?"

"Sauti yake naijua."

"Iwashe. Umesharudisha mwendo wake. Tuisikilize taratibu, kama ilivyo."

"Sitaki kuisikia tena."

"Mara moja tu, Baba."

"Nimesema sitaki."

Hakupenda kumkaripia mkewe. Alimkaripia kwa hofu, na mkewe alilijua hilo, akamwachia. Shuka ikabaki juu ya mashine. Hapo ndipo alipoipoteza nafasi yake, na yeye mwenyewe anakiri.

Sasa, Jumamosi ile ilikuwa siku ya kutembelea watoto katika shule ya bweni. Safari ilikuwa imepangwa mwezi mzima: Kasi, mkewe, Bi Mkubwa na Dada, wote wanne, kwa basi la asubuhi, kwenda kumwona binti. Bi Mkubwa alishaandaa gauni. Kasi akafikiri haraka, akaona mwanya. Siku ikishajulikana, na mtu akishajulikana, kazi iliyobaki ni kumlinda. Asisafiri. Asitoke. Akae pale pale mbele ya macho yake mpaka saa nne ipite.

Alimwambia Bi Mkubwa kwamba presha yake haifai kwa safari ndefu. Bi Mkubwa akamuuliza tangu lini amesomea udaktari. Akamwambia gari litajaa. Akajibiwa kwamba tiketi zimeshakatwa. Ijumaa jioni akamwambia ukweli nusu, kwamba ameota vibaya, na yule mzee akamtazama, akalainika.

"Haya. Nitabaki. Lakini mjukuu wangu hawezi kusimama getini peke yake wenzake wakichukuliwa."

"Mimi nitaenda," akasema mkewe. "Wewe baki na Bi Mkubwa. Dada akitoka zamu, kama mambo ni mazuri, mtapanda la mchana mnifuate."

Kasi alishusha pumzi. Anasema alishukuru hata. Alimshukuru mkewe kwa mikono miwili kwa kukubali kwenda.

Jumamosi asubuhi alimsindikiza mpaka kituoni. Mkewe alikuwa amevaa gauni la maua ya njano alilojishonea mwenyewe, na kapu la vitu vya mtoto. Sare mpya ya binti haikuwa tayari. Alikuwa ameiacha kwenye cherehani, pindo moja limebaki, sindano imeshuka kwenye kitambaa. Alikaa dirishani, kwenye kiti cha Bi Mkubwa, kwa kuwa kilikuwa na hewa. Akatoa mkono nje, akamgusa mumewe shavuni.

"Mimi natangulia, Baba. Mnifuate."

"Nenda salama, Mama."

Akarudi nyumbani kwa haraka. Saa mbili na nusu Bi Mkubwa alikuwa ameketi ndani ya chumba cha kazi, kwenye kiti kizuri, mbali na dirisha, mbali na ngazi, mbali na umeme. Kasi alikuwa amemnyang'anya hata kisu cha chungwa. Alimmenyea mwenyewe.

Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu.

"Nikikohoa utaniita daktari?" akauliza Bi Mkubwa.

"Kaa tu, Bi Mkubwa."

Saa nne kamili Kasi alisogea karibu na meza yake, akasimama kati ya mama yake na mlango. Mkono wake uliegemea rafu ya mkewe, palipokuwa na mkasi, chaki na kopo la vifungo. Bi Mkubwa alikuwa amesinzia. Kifua chake kilipanda na kushuka. Kasi alihesabu.

Saa nne na dakika nane.

Saa nne na dakika tisa.

Mlango ukakwaruza. Dada akaingia, bado na sare za hospitali, amechoka, kapu begani. Akamtazama mama yao aliyesinzia, akashusha sauti asimwamshe.

"Wifi yuko wapi?"

Na Kasi, macho yake yakiwa kwenye kifua cha Bi Mkubwa, akajibu kama alivyokuwa akijibu siku zote, kama mtu yeyote angejibu.

"Mama ametangulia."

Yakatoka. Akayasikia.

Alisikia sauti yake mwenyewe ikiyasema. Karibu kabisa na kipaza sauti. Akakumbuka moja mbili tatu. Akakumbuka mkewe ameegemea cherehani anacheka. Dada yako mtupu.

Chini ya shuka, feni ilikuwa inazunguka.

Waya ulikuwa sakafuni, umeviringwa, pale pale alipouacha siku kumi nyuma. Kitaa chekundu cha kurekodi kilionekana kupitia kitambaa. Dada alikuwa anasema kitu. Kasi hakumsikia. Alitazama simu yake mezani. Kioo chake kilikuwa cheusi.

"Usiite," akanong'ona.

Kimya.

"Tafadhali. Usiite."

Simu ikaita.

Mara moja. Namba hakuijua. Mara mbili. Mara ya tatu mkono wake ulijivuta peke yake, ukagonga rafu, na kopo la vifungo likaanguka. Vifungo vikamwagika sakafu nzima, vikarukaruka, vikazunguka. Kimoja kiliviringika mpaka kwenye mguu wa Bi Mkubwa, akafumbua macho. Kasi akavuta pumzi. Feni ikasimama.

Dada ndiye aliyeipokea simu. Mtu asiyewajua aliwaambia kwamba basi liliacha barabara kwenye daraja, na kwamba namba hii ameiona kwenye simu ya mwanamke wa gauni la maua ya njano, imeandikwa Baba.

Mengine ya siku hiyo tuyaache. Watu walikuja, watu waliondoka. Binti alirudi nyumbani, akalala na bibi yake, na kila aliposema Mama, chumba kizima kilitazama chini.

Siku ya tisa baada ya mazishi, mchana, Kasi aliingia chumba cha kazi na kufunga mlango. Aliondoa shuka. Alifungua mashine, akatoa feni, akatoa bati la kupoozea, akaing'oa prosesa ili aiponde kwa nyundo. Alikuwa na nyundo tayari. Kwa mazoea ya mikono, kabla ya kuipiga, aliifuta pesti.

Bati lilikuwa safi.

Akaisogeza kwenye mwanga. Hapakuwa na neno. Hapakuwa na kijistari, wala kitundu. Lilikuwa bati laini, jeupe, halijawahi kuguswa na ncha yoyote. Aliligeuza mara kumi. Nambari za kiwandani zilikuwa zilezile. Ni ileile.

Aliishika muda mrefu. Hapo akaanza kufikiri, na anasema ilikuwa fikra tulivu kabisa, yenye matumaini, na hiyo ndiyo inayomtisha mpaka leo. Kitu hiki kilimletea sauti ya Jumamosi kabla ya Jumamosi. Kumbe mambo hurudi nyuma kupitia humu. Kumbe ukiweka neno humu leo, kuna siku ya jana litakapofika. Kuna Jumatano moja, jua la kawaida, mtu anafuta pesti kwa kidole na mkewe yuko mlangoni anashona.

Akatafuta kitu chenye ncha. Bisibisi ilikuwa nene. Akaenda kwenye cherehani. Sare ya binti ilikuwa bado pale, na sindano imeshuka kwenye pindo. Namba kumi na sita. Akalegeza skrubu, akaichomoa na uzi wake.

Akajua la kuandika. Sentensi ndogo, mtoto angeielewa. Basi Mama asipande. Akakandamiza prosesa mezani kwa mkono wa kushoto, akachora kwa mkono wa kulia, herufi kubwa, kwa nguvu zake zote, kwa sababu bati lilikuwa gumu.

B.

A.

S.

I.

Alikuwa na haraka. Jasho lilimwingia machoni. Hakutazama alichokwisha kukiandika. Alitazama nafasi iliyobaki. Akaanza M. Mguu wa kwanza wa M, kutoka juu kwenda chini, mstari mmoja uliosimama.

Sindano ikakatika.

Ncha ilibaki imejichomeka kwenye bati. Kasi aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza akasoma mwandiko ule kwa ukamilifu wake, akautambua. Ile S iliyolala kidogo. Alikuwa akiiandika hivyo tangu darasa la kwanza, mwalimu akimchapa kwa ajili yake. Neno halikuwa inatosha. Halikuwahi kuwa inatosha. Lilikuwa gari.

"Subiri," akasema, hajui anamwambia nani. "Subiri kidogo."

Alikimbilia droo ya mkewe kuchukua sindano nyingine. Hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Alipogeuka, mezani hapakuwa na prosesa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Palipokuwa na prosesa pamebaki alama ya mraba ya pesti nyeupe, na tone la jasho lake katikati.

Alitafuta chini ya meza, ndani ya makatoni, kwenye mifuko yake. Alitafuta mpaka Dada akavunja komeo.

Aliacha kutengeneza kompyuta. Sasa anashona, kazi ndogo ndogo, pindo na zipu, kwenye cherehani ileile, na binti yake ameshakuwa msichana mkubwa. Meza ndefu bado ipo. Ile alama ya mraba imesuguliwa kwa spiriti, kwa sabuni, kwa msasa. Kila asubuhi ni mbichi, ukiigusa inashika kidole.

Lakini siku aliposimulia, hakuonyesha meza. Alitoa kile kiberiti kitupu cha mkewe, akakifungua kwa kidole chenye kovu. Ndani mlikuwa na vipande viwili. Kimoja kilikuwa sindano ya cherehani isiyo na ncha, mpya, inayong'aa, na uzi wa buluu umefungwa shinani. Cha pili kilikuwa ile ncha ya Jumatano, nyekundu kwa kutu ya miaka mingi.

Akavisogeza pamoja, akavigusanisha penye mvunjiko. Vikakaa. Hata unywele usingepita katikati.